Kipimo Bila Maji: Dhidi ya Miradi ya Bakteria Inayoishia Kwenye Bango

Mwaka jana wanafunzi watano wa baiolojia wa chuo chetu walibisha hodi katika Idara ya Kiswahili wakitafuta mtu wa kuwatafsiria hojaji. Walikuwa na haraka. Hojaji ilikuwa na maswali kumi na mawili, na safari ya kwenda Kasese ilibakiza siku tatu. Mradi wao ulikuwa wa kubadilisha jeni za bakteria ili watambue shaba katika maji ya mto Nyamwamba. Shaba ikizidi, bakteria wangebadilika rangi, na mtu yeyote angeweza kuona. Walikusudia kuupeleka mradi huo katika mashindano ya kimataifa ya wanafunzi yaitwayo iGEM. Nilichaguliwa mimi kwa sababu nimezaliwa Kasese. Nyumbani tunaongea Lukonzo, na kule Kilembe, ambako mgodi ulikusanya wafanyakazi wa makabila mengi, Kiswahili kingali kinasikika. Nilitafsiri, nikasafiri nao, nikauliza maswali. Makala haya yametokana na safari hiyo, na najua hayataipendeza timu ile. Mimi mwenyewe hayanipendezi, kwa sababu itakayoonekana mbele.

Ninachodai ni hiki. Miradi ya bakteria watambuzi, kama inavyofanywa na wanafunzi wengi, inajibu swali la waamuzi wa mashindano na kuliacha swali la mnywaji wa maji. Halafu inamtumia mnywaji huyo kama shahidi kwamba swali lake limejibiwa. Sayansi yake ni nzuri. Desturi iliyojengwa juu yake ndiyo mbovu, na sisi tunaosomea lugha tumekuwa vibarua wake.

Kwanza tuieleze sayansi yenyewe, maana wasomaji wengi wa mkusanyiko huu ni watu wa fasihi na isimu kama mimi. Bakteria hawakusubiri binadamu awafundishe kutambua sumu. Bakteria aitwaye E. coli, anayeishi katika matumbo yetu, ana protini inayofanya kazi kama bawabu. Shaba ikiingia ndani ya seli, bawabu huyo huishika, naye akiisha kuishika hubadilika umbo na kuifungua jeni ya pampu ya kuitoa shaba nje. Kwa arseniki yuko bawabu mwingine anayefanya kazi kinyume: yeye huiziba jeni, na arseniki ikimgusa huiachia. Kazi ya mwanafunzi ni kuchukua sehemu ile ya DNA ambayo bawabu huilinda na kuiunganisha na jeni nyingine inayotoa rangi au mwanga. Kuanzia hapo, bakteria akionja sumu anasema. Hilo ndilo linaloitwa kitambuzi hai.

Jambo hili si ndoto. Mwaka 2006 timu ya wanafunzi wa University of Edinburgh ilipeleka iGEM bakteria wa kutambua arseniki kwenye maji ya kunywa. Bakteria hao waliyafanya maji kuwa na asidi zaidi pale walipoikuta arseniki, na kiashiria cha kawaida cha asidi kikaonyesha tofauti kwa rangi. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita, na timu ile ilionyesha kwamba inaweza kutambua hata chini ya hapo. Miaka mitatu baadaye timu ya Cambridge ilitengeneza bakteria wa rangi mbalimbali kwa ajili ya vitambuzi vya namna hiyo, ikashinda tuzo kuu. Nazitaja timu hizi kwa heshima. Walikuwa vijana wa umri wetu, na walifanya walichosema watafanya.

Lakini tuulize kilichofuata. Wazo la Edinburgh lilichukuliwa na watafiti wakubwa, wenye fedha na maabara, wakalifanyia kazi kwa miaka. Walipotaka kulitoa maabara ili liwafikie wanywaji wa maji ya visima huko Asia ya Kusini, walikwama kwenye swali ambalo halikuwa la kisayansi: ni sheria ipi inayoruhusu kumkabidhi mwanakijiji kifaa chenye bakteria hai waliobadilishwa jeni? Ikiwa hao walikwama hapo, timu yetu ya watu watano, yenye jokofu la kuazima, ilitarajia kupita wapi?

Niliwauliza swali hilo ndani ya basi. Nilijibiwa kwamba mambo ya sheria "yatashughulikiwa baadaye". Baadaye gani? Bunge la Uganda lilipitisha mswada wa bioteknolojia na usalama wa viumbe mwaka 2017, na Rais Museveni akaurudisha bila kuutia saini. Ukarekebishwa, ukapitishwa tena mwaka 2018, naye akaurudisha tena mwaka 2019. Kwa miaka mingi majaribio ya mimea iliyobadilishwa jeni, kama vile migomba, yamekuwa yakifanyika ndani ya uzio, kwa kibali na chini ya uangalizi wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Kutoka ndani ya uzio hadi kwenye kikombe cha mama mmoja kando ya Nyamwamba ni safari ndefu sana. Mwanafunzi anayeijua safari hiyo na asiitaje kwenye hojaji anaficha jambo. Asiyeijua hakuwa tayari kwenda Kasese.

Naomba nisieleweke vibaya. Wapo wenzetu, hata miongoni mwa wahadhiri, ambao wakisikia "kubadilisha jeni" hufunga mlango hapo hapo. Kwao bakteria wa maabara ni sumu, ni njama ya wazungu, ni kuingilia kazi ya Mungu. Siko nao. Mwenye kisukari katika ukoo wake aangalie chupa ya insulini. Tangu mwaka 1982 insulini iliyotengenezwa na bakteria waliotiwa jeni ya binadamu imekuwa ikitumika hospitalini, na sijasikia mzee yeyote akiikataa sindano kwa sababu hiyo. Na Kasese kwenyewe bakteria wamewahi kuajiriwa. Kuanzia mwaka 1999 na kwa zaidi ya miaka kumi, kiwanda cha kobalti kilitumia bakteria wa asili wanaokula chuma na salfa ili kuitoa kobalti kwenye masalia ya mgodi wa Kilembe. Bakteria hao hawakubadilishwa jeni, hilo ni kweli. Lakini habari yao inaonyesha kwamba bakteria wanapotakiwa kuleta faida, hujengewa matangi, hulishwa, na hupewa wahandisi. Wanapotakiwa kumlinda mnywaji wa maji, hupewa wanafunzi watano na safari ya siku mbili. Wanaoogopa bakteria wangeanza kwa kuliogopa hilo.

Sasa turudi mtoni. Mgodi wa Kilembe ulichimba shaba kuanzia mwaka 1956 hadi 1982. Uliacha zaidi ya tani milioni 15 za masalia ndani ya bonde la Nyamwamba, yenye shaba na kobalti. Mto huo hufurika. Ulifurika vibaya mwaka 2013, ukafurika tena Mei 2020 na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Kila unapofurika hula kingo zake na kuyabeba masalia hayo kwenda chini, kwenye mashamba na kwa watu. Watafiti wamekwisha kupima udongo, maji na vyakula vya bonde lile kwa mashine za maabara, na matokeo yamechapishwa katika majarida. Kwa hiyo timu yetu ilipokwenda "kugundua kama mto una shaba", ilikwenda kugundua jambo lililokwisha kugunduliwa. Kilichokosekana Kilembe ni mtu wa kulirudisha jibu kwa walioishi nalo, na mtu wa kufanya kitu baada ya jibu.

Hapa wenzangu wa baiolojia huwa na hoja tatu, na ni haki nizitaje kwa nguvu zake zote.

Ya kwanza ni kwamba kitambuzi hai hupima kitu ambacho mashine hazikipimi kwa urahisi. Mashine husema kuna shaba kiasi gani kwa jumla, hata ile iliyofungwa kwenye tope. Bakteria husema ni kiasi gani kinaweza kuingia ndani ya kiumbe hai. Hoja hii ni ya kweli na ni nzuri. Lakini mimi nilitafsiri hojaji yao yote, swali la kwanza hadi la kumi na mbili, na hoja hii haikuwamo. Kama hiyo ndiyo faida, kwa nini hatukumwambia mtu hata mmoja?

Ya pili ni bei. Bakteria hujizalisha wenyewe, kwa hiyo kipimo kitakuwa rahisi. Bei ya bakteria ni ndogo, naam. Bei ya kuwaweka hai au kuwakausha vizuri, kuwafungia wasitoke, kupata kibali, na kumfundisha mtumiaji asome rangi bila kukosea, hiyo haijahesabiwa. Tena kwa shaba vipo tayari vikaratasi vya kemikali vinavyobadilika rangi. Anayetaka kuleta kitu kipya ana wajibu wa kuonyesha kwamba kile cha zamani kimeshindwa, na kimeshindwa kwa sababu gani.

Ya tatu huja mwisho, kwa sauti ya chini: "Sisi ni wanafunzi, tunajifunza." Hii ndiyo hoja ninayoiheshimu kuliko zote, na ndiyo inayowahukumu. Kujifunza kuunganisha jeni ni sababu tosha ya kufanya mradi. Fanyeni mradi, jifunzeni, leteni medali. Lakini kama lengo ni kujifunza, saini ya bibi wa Kilembe ni ya nini?

Ni ya alama. Mashindano haya huzipa uzito juhudi za timu kuzungumza na jamii na kuonyesha kwamba kazi yake ina manufaa na inawajibika. Nia ya kanuni hiyo ni njema. Iliwekwa ili wanasayansi wasijifungie maabara. Ila kanuni njema mikononi mwa mtu mwenye haraka hugeuka kuwa orodha ya kutia alama. Unahitaji picha ya mto, picha ya mama mwenye ndoo, na asilimia ya waliokubali. Kisha unarudi.

Sasa nifike pale nilipokosa mimi. Swali la tisa lilisema: "Je, kifaa cha kutambua shaba katika maji kingekusaidia?" Majibu yalikuwa mawili, ndiyo na hapana. Nilimuuliza mama mmoja, mjane wa mfanyakazi wa mgodi, mtu wa umri wa nyanya yangu. Alinitazama, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, nikamwambia. Kisha akajibu: "Mwanangu, hayo maji kuwa mabaya tunayajua tangu mgodi uko kazini. Hicho kifaa kikisema ni mabaya, ndiyo nimejua mara ya pili. Nitakunywa nini?"

Niliangalia karatasi. Palikuwa na visanduku viwili. Kiongozi wa timu aliniuliza kwa Kiingereza amesemaje. Nikasema anataka maji. Akasema, "Basi ni ndiyo." Nikatia alama kwenye ndiyo. Mkono ulioitia alama hiyo ni wangu, na wino ulikuwa wangu. Bango lilipobandikwa ukumbini miezi kadhaa baadaye, mama yule alikuwa ndani ya mchoro wa duara, ndani ya kipande kikubwa cha kijani, miongoni mwa waliokubali.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wanasema wahenga. Mimi nilikuwa nimewahi kukilalia kitanda kile, na bado nikaandika kwamba hakina kunguni.

Wale wanaodhani kwamba swali la mama yule ni la mtu asiyeelewa sayansi waitazame Bangladesh, nchi ambayo arseniki yake ndiyo iliyowapa vijana wa Edinburgh wazo lao. Kuanzia miaka ya 1970 vilichimbwa huko visima vya bomba kwa mamilioni, UNICEF ikisaidia, ili watu waache maji ya mabwawa yaliyokuwa yakiwaua kwa kuhara. Nia ilikuwa njema. Hakuna aliyepima arseniki. Ilipogunduliwa katika miaka ya 1990, ilikuwa imekwisha kuingia miilini. Makala iliyotoka mwaka 2000 katika jarida la Shirika la Afya Duniani ilikadiria kwamba watu kati ya milioni 35 na milioni 77 walikuwa hatarini. Baada ya hapo ikafanyika kazi ya kupima visima kama milioni 5, kwa kemikali za kawaida, bila bakteria hata mmoja. Kisima kibaya kilipakwa rangi nyekundu, kizuri kijani.

Je, rangi ilisaidia? Ilisaidia, na mtu mkweli lazima aseme hivyo. Watu wengi ambao kisima chao kilipakwa nyekundu na palikuwapo cha kijani karibu, walihama. Lakini ambaye hakuwa na cha kijani karibu, au cha kijani kilikuwa ndani ya ua wa jirani asiyeelewana naye, aliendelea kunywa kwenye nyekundu. Rangi nayo ikapauka, visima vipya vikachimbwa bila kupimwa, na hadi leo mamilioni wangali wanakunywa arseniki. Fundisho ni jepesi kulisema. Kipimo humwokoa mtu pale tu panapokuwa na maji ya pili ya kuchagua. Penye maji ya namna moja, kipimo ni taarifa ya msiba.

Kwa hiyo swali la "nitakunywa nini" ndilo swali la kwanza la kisayansi ambalo mradi wowote wa aina hii ungepaswa kuanza nalo. Mama wa Kilembe alilisema katika sentensi moja fupi. Hojaji yetu haikuwa na nafasi ya kuliandika.

Ipo namna bora, na haiko mbali. Siku hizi watafiti huchukua vile viungo vya ndani ya seli vinavyosoma jeni, wakaviweka pamoja na bawabu na jeni ya rangi, wakavikausha ndani ya kichupa. Bakteria mwenyewe hayupo tena. Hakuna cha kuzaliana wala cha kutorokea mtoni. Watafiti wa Northwestern University ya Marekani wametengeneza kipimo cha namna hiyo kwa ajili ya floridi, wakakijaribu pamoja na kaya za Nakuru, nchini Kenya. Floridi ni tatizo letu kabisa katika Bonde la Ufa. Meno ya kahawia ya watoto wa Nakuru na Arusha si uchafu, ni maji. Kilichonivutia katika kazi hiyo ni kwamba waliwapa wenyeji wenyewe kipimo wakitumie na wakisome, ili ijulikane kama wanasoma sawasawa. Mtumiaji alikuwa sehemu ya jaribio. Hakuwa pambo lake.

Natoa madai matatu kwa wenzangu na kwa wahadhiri wanaosimamia miradi hii.

La kwanza, kabla jeni ya kwanza haijaagizwa, timu iandike katika ukurasa mmoja: matokeo yatapelekwa kwa nani, mtu huyo ana uwezo gani wa kubadilisha maji, na ameulizwa lini. Kama jibu ni "hakuna", mradi uitwe zoezi la maabara na ubaki maabara. Hakuna aibu katika zoezi. Aibu ni kuliita msaada.

La pili, anayehojiwa aambiwe ukweli wote kwa lugha anayoiota usiku. Aambiwe kwamba kifaa hakipo bado. Aambiwe kwamba ndani yake mna viumbe waliobadilishwa, na kwamba kwa hali ya sheria ilivyo huenda kisitoke maabara katika maisha yake. Aambiwe pia kwamba jibu lake litatumika mashindanoni. Akiisha kujua hayo, aulizwe kama bado anataka kujibu. Na kila swali liwe na mistari mitupu chini yake.

La tatu linatuhusu sisi wa Kiswahili. Tumezoea kulalamika kwamba lugha yetu haipewi nafasi katika sayansi. Katiba ya Uganda imeitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005, na bado tunaitwa siku tatu kabla ya safari. Lakini tukiitwa, tunakwenda, tunatafsiri tulichopewa, tunachukua posho, tunarudi. Mtafsiri anayeona kwamba swali ni la mtego ana wajibu wa kulikataa kabla ya kulitafsiri. Idara isitoe mwanafunzi kwa mradi wowote wa nje mpaka mwanafunzi huyo aketi kwenye kikao kinachotunga maswali, akiwa na haki ya kusema hapana. Istilahi tutazipata, "kitambuzi hai" niliipata kwa usiku mmoja. Haki hiyo ndiyo ngumu zaidi.

Timu yetu ilirudi na medali, nami nilipongeza pamoja na wengine. Bakteria wako kwenye jokofu la ghorofa ya pili. Kazi ya maabara ilifanyika vizuri, na wawili kati ya wale watano wameendelea na masomo ya juu kwa sababu yake. Wanastahili. Lakini hakuna aliyerudi Kilembe na matokeo, hata yale ya zamani yaliyochapishwa kabla hatujafika. Nyumbani ni kwangu, nitakwenda likizo ijayo, na yule mama ananijua mimi ni mtoto wa nani. Nitamwambia kilichoandikwa kwenye majarida kuhusu mto wake, na nitamwambia alama niliyoiweka. Wahadhiri wetu, msiniache niende peke yangu: msitie saini mradi mwingine wa aina hii kabla timu haijalijibu swali lake.